Kandambili Chini ya Ngazi

Mume wangu hakumwondolea ndugu yake ngazi kwa hasira. Hakuwa mwoga wa mvua, hakuwa na kisasi cha kiwanja, wala hakukimbia akamwacha mtu juu ya paa ili radi imalize ugomvi wao. Hayo yote nimeyasikia kwa miaka kumi na tisa, machache usoni, mengi mgongoni, na nimenyamaza kwa sababu yeye aliniomba ninyamaze. Sasa amekwisha kufa. Nina miezi minane ya ujane, magoti yananiuma, na nimechoka kubeba kitu ambacho hata si kizito kukisema. Nitakieleza mara moja. Atakayetaka kuongeza chumvi baada ya hapa, aongeze kwenye mboga yake.

Alikuwa fundi wa kuezeka. Alimaliza darasa la saba, akashika nyundo akiwa na miaka kumi na sita, na alipokufa alikuwa na kovu la bati kwenye kila kidole isipokuwa kimoja. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia, binti wa karani, na nilipoolewa naye watu walisema nimeshuka. Shangazi yangu aliniuliza, "Sasa mwanangu, jioni mtakuwa mnaongea nini?" Nikamjibu kwamba tutaongea habari za mvua. Nilidhani natania. Tuliongea habari za mvua kwa miaka thelathini na minne.

Ilianza mwaka wa kwanza wa ndoa. Fundi wa kikosi kingine alipigwa na radi akiwa anagongomea mgongo wa paa, mvua yenyewe ikiwa haijafika. Mume wangu alirudi nyumbani, hakunawa, akaketi kwenye kiti cha jikoni na kofia yake kichwani.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo hata chumbani. "Mvua ilikuwa bado iko ng'ambo kule. Yule mtu alikuwa kwenye jua. Inawezekanaje?"

Nikamweleza kama ningemweleza mtoto wa darasa la sita. Mwanga hufika papo hapo, sauti huja ikitembea, sekunde tatu hivi kwa kila kilomita. Lakini radi huweza kuruka mbali sana na pale mvua inaponyesha, kwa hiyo mtu asijipe moyo kwa hesabu. Ukiisikia ngurumo, uko karibu vya kutosha kufa. Na wingu likipita halijamaliza. Mtu angoje nusu saa tangu ngurumo ya mwisho ndipo atoke. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunisikiliza vile. Alipotosheka alichukua penseli yake nene akaandika ndani ya kifuniko cha sanduku la vyombo: UKIISIKIA, SHUKA. NUSU SAA TANGU YA MWISHO.

Tangu siku ile hapakuwa na bosi, mwenye nyumba wala mwanasiasa wa kumtoa kwenye maneno hayo. Ngurumo ikisikika, hata ikiwa ni ya kukoroma mbali kama mzee aliyeshiba, aligonga debe mara tatu na watu wote wakashuka. Aliwakusanya ndani ya jengo lenye kuta, kama lipo, mbali na madirisha na mabomba. Mti hakutaka hata kuusikia. Ngazi yake ilikuwa ya chuma. Aliilaza, akaibeba ndani na kufunga mlango, kwa sababu alijua mafundi: ukiiacha imesimama, kuna mmoja atapanda dakika ya kumi kumalizia misumari miwili. Kisha alitazama saa. Ngurumo nyingine ikilia, hesabu ilianza upya. Kuna siku walikaa hivyo mchana kutwa.

Wakambandika jina, Nusu Saa. Mwenye nyumba mmoja alikuja kwangu shuleni kunishtakia. "Mama, nimemwajiri fundi au mtabiri wa hali ya hewa?" Nilimwambia fundi aliye hai huezeka vizuri zaidi ya marehemu, na akaondoka akisonya.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Alichomoa redio, akakataza kuoga, akakataza kuosha vyombo bombani, na watoto wakaketi katikati ya chumba kama abiria wanaongoja kuitwa. Mimi niliyemfundisha ndiye niliyekuwa mkaidi. Kamba yetu ya nguo ilikuwa waya wa chuma, na mara nyingi nilikurupuka kwenda kuanua.

"Mwalimu, rudi."

"Mashuka yatalowa!"

"Mashuka yakilowa nitayaanika. Wewe nikuanike wapi?"

Sasa nije kwenye viatu, maana hapo ndipo penye kisa.

Mafundi wake walipanda kwa raba, kwa kuwa bati likipata jua huunguza unyayo na likipata umande huteleza. Kandambili walizokuja nazo walizivua chini. Naye akatunga utaratibu wake. Kila anayepanda aache kandambili zake kwenye mguu wa ngazi, zimepangwa pamoja, zikitazama ukuta. Akishuka avae, au azichukue mkononi. Kwa hiyo, baada ya kugonga debe, hakuhitaji kuita majina kwenye kelele za mvua. Alitazama chini tu. Kuna kandambili, kuna mtu juu, ngazi haiguswi. Hakuna kandambili, wote wako chini, ngazi inalazwa. Ulikuwa utaratibu mzuri, na ulifanya kazi miaka kumi na moja.

Alinieleza siku alipoutunga. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nasahihisha madaftari, na aliketi upande wa pili wa meza akipanga chumvi na kiberiti kunionyesha ngazi iko wapi na viatu viko wapi. Nilisema, "Vizuri," bila kuinua kichwa. Nilisema kama mtu anavyomwambia mtoto aliyechora nyumba.

Miaka kumi na tisa iliyopita alipata kazi ya kuezeka jengo jipya shuleni kwangu, chumba cha walimu na stoo yake. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi. Kikosi kilikuwa cha watu wanne: yeye, mafundi wawili, na mdogo wake wa tumbo moja, shemeji yangu. Shemeji alikuwa fundi hodari kumshinda kaka yake, mwepesi kama paka, mwenye mdomo. Wote walimpenda. Mimi pia.

Siku ya nne, asubuhi, kulikuwa na mawingu yasiyoamua. Mafundi wawili walikuwa chini wakikata mabati, mume wangu akipima mfereji wa maji. Shemeji alikuwa anavaa raba zake ili apande kugongomea mgongo wa paa. Nilikuwa napita na daftari la mahudhurio, nikasikia wakitupiana maneno.

"Leo umalize kabla ya saa sita," mume wangu alisema. "Hali hiyo siipendi."

"Kaka, wewe mtu akinguruma tumbo unatushusha."

Wale wawili wakacheka.

"Tumbo lako halijaua mtu," mume wangu akajibu. "Bado."

"Siku moja nitabaki juu nikuonyeshe. Nusu saa zako zote tukizijumlisha, tungekuwa tumeezeka mji mzima."

"Baki. Nami nitaondoka na ngazi."

Walikuwa wanataniana. Nilikuwepo, nilimwona anacheka. Lakini maneno hayo yalisikiwa na wale wawili, na baadaye yakatembea mjini peke yake, bila kicheko.

Saa nne ujumbe ukaja kwamba mkaguzi wa elimu yuko njiani, hakutazamiwa hadi wiki ijayo. Anayejua shule anajua kilichofuata. Tulifagia, tukapanga, tukaficha. Nilizunguka kila pembe na jicho la mkaguzi. Kwenye mlango wa chumba kipya cha walimu, mbele kabisa, chini ya ngazi, nikaona kandambili mbili chakavu zenye matope, moja imeshonwa kwa waya mahali kamba ilipokatika. Nilizitazama nikaona aibu. Si aibu ya shule tu. Wote walijua anayeezeka ni mume wangu, na walimu wenzangu hawakuchoka kukumbuka kwamba mwalimu mkuu msaidizi analala na fundi bati. Nikaziokota kwa vidole viwili, nikazipeleka stoo, nikaziweka kwenye rafu pembeni ya maboksi ya chaki. Kisha nikanawa mikono.

Sikukumbuka chumvi na kiberiti. Naapa sikukumbuka.

Mkaguzi alikuwa ofisini kwa mkuu ngurumo ya kwanza ilipolia. Nilisikia debe: mara moja, mbili, tatu. Nikafurahi moyoni kwamba mkaguzi ataona mafundi wetu wana nidhamu. Mvua ikashuka ghafla, na kwenye mabati yasiyo na dari mvua haisikiki kama mvua, inasikika kama changarawe inayomiminwa. Mume wangu alitazama chini ya ngazi. Hapakuwa na kitu. Mdogo wake alikuwa na tabia ya kutoroka kwenda kuvuta sigara nyuma ya vyoo, naye akadhani ametangulia. Akailaza ngazi, akaibeba ndani, akafunga mlango.

Shemeji alikuwa mteremko wa pili, nyuma ya mgongo wa paa. Debe alilisikia. Alisema mwenyewe, alipoweza kusema, kwamba alikuwa na misumari mitatu mkononi na akataka kuimaliza, si kwa ubishi mkubwa, kwa mazoea tu. Alipovuka kuja upande wa ngazi, ngazi haipo. Akaita. Akapiga bati kwa nyundo. Wote chini walisikia kelele, na wote walidhani ni mvua ya mawe.

Radi ilipiga mlingoti wa bendera, hatua ishirini kutoka pale. Mlingoti ulipasuka. Shemeji alirushwa akaanguka upande wa bustani. Alivunjika nyonga, na sikio la kushoto halikusikia tena hadi leo.

Tulipotoka kumwokota, mume wangu alikuwa amesimama pale mlangoni, mvua ikimpiga, anatazama mahali ilipokuwa ngazi. Alikuwa anarudia jambo moja, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hapakuwa na kandambili. Hapakuwa na kandambili." Ndipo nilipokumbuka meza, na madaftari, na chumvi, na kiberiti.

Nilimwambia siku ile ile, tuliporudi kutoka hospitali. Sikumzungusha. Nilimwambia nimeziondoa mimi, kwa ajili ya mkaguzi. Alikuwa anatoa misumari mfukoni, mmoja mmoja, anaipanga mezani.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi asijue."

"Watasema ni wewe."

"Wameshaanza kusema. Mimi ni bati, Mwalimu. Bati likitoboka linazibwa, na likiwa na viraka kumi bado linafunika watu. Wewe ukitoboka, nani atakuletea mtoto wake umfundishe?"

Nikamwambia walau mdogo wake ajue. Hapo akatikisa kichwa. "Akinichukia mimi atarudi tu, mimi ni damu yake. Akikuchukia wewe, hana kitu cha kumrudisha."

Alikuwa na darasa la saba na alijua mambo hayo. Mimi nilikuwa na diploma, nikakubali. Nilikubali haraka kuliko inavyofaa, na hilo nalo naliandika hapa.

Lakini alikosea. Mdogo wake hakurudi. Hawakugombana, afadhali wangegombana, maana wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kwa kuwa watapatana. Hawa walisalimiana. Waliulizana hali za watoto. Katika miaka yote hiyo shemeji hakukanyaga tena kizingiti cha nyumba yetu. Mama yao aliishi kwa shemeji na alikula kwa shemeji, na kila mume wangu alipokwenda kumwona, mama alimwuliza swali lile lile: "Ngazi umekuja nayo?" Mume wangu alicheka kila mara, kama ni mzaha, akaweka kifurushi chini. Mama alikufa akiuliza hivyo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mume wangu na mkoba wangu mkononi, na nilinyamaza.

Kazi aliendelea nayo, na nusu saa zake hakuzipunguza hata dakika. Ila utaratibu wa kandambili aliuacha. Alianza kuwaita watu kwa majina, mmoja mmoja, na hata wakiitikia alizunguka jengo zima akitazama juu kabla ya kugusa ngazi. Walimcheka kwa hilo pia. Alikufa kitandani, kwa kifua, siku kavu isiyo na wingu. Mafundi watatu tu walikuja.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi cherehani wa pale kona kujaribu gauni. Ana pazia dogo la kuvalia. Nilikuwa nyuma yake, gauni limejaa pini, mteja mwingine akaingia. Fundi yule alisahau kama nipo, au hakusahau.

"Yule mjane wa Nusu Saa ameanza kutoka," mteja akasema.

"Atoke tu. Mume alikuwa na mambo. Unaijua habari ya ngazi?"

"Ile ya mdogo wake?"

"Ndugu yako yuko juu, radi hiyo, wewe unabeba ngazi unakwenda zako! Tena alimwambia asubuhi, nitaondoka na ngazi. Kiwanja hicho, dada. Kiwanja."

"Na mke msomi vile."

"Kusoma si kujua kuchagua."

Nikafungua pazia. Nilikuwa na mkono mmoja tu wa gauni, na pini zimenishika ubavuni, lakini nilisimama wima kama mstarini.

"Fundi," nikasema, "wakati ule kiwanja gani kilikuwepo?"

Akashika futi yake kwa mikono miwili. "Mwalimu, sisi tulikuwa tunasema tu."

"Nimeuliza kiwanja gani."

"Ndivyo watu wanavyosema."

"Watu ni wewe. Toa pini."

Akazitoa harakaharaka, na moja akanichoma. Sikupiga kelele. Nilivaa gauni langu la zamani nikatoka, na miguu haikunipeleka nyumbani. Ilinipeleka kwa shemeji.

Yeye tangu nyonga ile hupiga bati akiwa amekaa: hutengeneza ndoo, mabeseni, mikebe ya kumwagilia. Ana chumba kimoja cha matofali kwenye safu ya maduka, na vyombo vyake huvitundika barazani. Nilimkuta anakunja ukingo wa beseni. Aliniona akainuka nusu.

"Shemeji! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukusalimu."

Aligeuza sikio la kulia. "Kuna nini?"

"Kukusalimu!"

Akanitazama kama mtu anayesoma barua isiyo na jina. Kabla hajanijibu, ngurumo ikalia, mbali sana, juu ya paa za upande wa pili. Sikudhani ataisikia. Aliweka nyundo chini mara moja. Akavuta mlango, akaburuta kiti changu mbali na dirisha na mbali na meza yake ya chuma, akachomoa waya wa taa. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Utakaa, shemeji," akasema. "Nusu saa tangu ya mwisho."

Mtu huyu, aliyeonewa na nusu saa ile, alikuwa bado anaishika. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonivunja. Sikulia, mimi si mtu wa kulia kwenye maduka. Nilianza tu kusema, kwa sauti ya darasani ili sikio lake lipate, na nje mvua ikaanza kumwagika juu ya mabeseni. Nilimweleza juu ya mkaguzi. Nilimweleza juu ya kandambili, ngazi, rafu ya chaki. Nikamwambia kaka yako alitazama chini hakuona kitu. Nikamwambia nani alisema asijue mtu, na kwa nini.

Ngurumo ikalia tena, karibu. Akatazama saa, akaanza hesabu upya, akarudisha macho kwangu.

"Hakuona kitu?" akauliza.

"Hakuona kitu."

"Kandambili zangu zilikuwa wapi?"

"Nilizichukua mimi. Zilikuwa stoo, pembeni ya chaki."

"Zile zenye waya."

"Zile zenye waya."

Akashika mguu wake mbaya akaunyoosha kwa mikono miwili, kama anavyonyoosha bati lililopinda.

"Uliniletea hospitali," akasema mwisho. "Zimeoshwa. Kwenye mfuko wa karatasi. Nikasema, shemeji ana roho nzuri, amekwenda kuniokotea viatu kwenye matope." Akacheka kidogo, bila furaha. "Miaka kumi na tisa nimejiuliza kaka aliziona au hakuziona. Nilisema haiwezekani asizione, nilizipanga mwenyewe, zinatazama ukuta. Kumbe jibu lilikuwa limekaa chini ya kitanda changu, linanukia sabuni."

"Nimekosa, shemeji."

"Umenikosea mimi mguu," akasema. "Kaka je?"

Tulikaa tukisikiliza mabeseni. Ngurumo zilisogea, zikapungua, zikawa za kukoroma, zikakoma. Hata zilipokoma hakufungua mlango. Tulikaa dakika thelathini kamili, watu wawili wazee kwenye chumba chenye harufu ya risasi ya kulehemu. Ilipotimia alisimama, akafungua, akasema, "Sasa unaweza kwenda."

Nilidhani yamekwisha hapo, na kwamba nimempoteza kama mume wangu alivyosema.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, anga jeupe, nikasikia hodi. Alikuwa shemeji, na mkoba wa vyombo begani. Alisimama kwenye kizingiti kwa muda, kisha akaingia.

"Nimesikia jiko lako linavuja."

"Nani kakwambia?"

"Nyumba ya fundi aliyekufa lazima ivuje. Ngazi iko wapi?"

"Shemeji, huwezi kupanda na nyonga hiyo."

"Nilikuuliza ngazi, sikukuuliza nyonga."

Ilikuwa nyuma ya nyumba, ile ile ya chuma. Aliisimamisha mwenyewe, akaitikisa, akaitikisa tena. Akatazama anga pande zote nne. Akaketi kwenye ngazi ya chini, akatoa raba mkobani, akavaa taratibu. Kisha akachukua kandambili zake, mpya, za plastiki ya kijani, akazipanga pamoja kwenye mguu wa ngazi, zikitazama ukuta.

"Mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo, lilikuwa neno la kaka yake. "Usiziguse."

"Sizigusi, zinanuka," nikasema.

Akapanda. Mguu mzuri kwanza, kisha ule mwingine ukivutwa ufuate, mapumziko, tena. Nilileta kiti cha jikoni nikakiweka pembeni ya ngazi, nikaketi. Wanawake wawili walipita nje ya ua wakanisalimu, mmoja akauliza mama unafanya nini juani. Nikawaambia nalinda viatu. Wakacheka, wakaenda kusimulia, bila shaka. Juu nilisikia nyundo, kisha kimya, kisha nyundo. Nilikaa pale karibu saa mbili na mgongo ukaniuma, sikwenda hata kunywa maji.

Aliposhuka alivaa kandambili zake kwanza. Kisha akaketi kwenye ngazi akanieleza jambo juu ya kaka yake, jambo alilolificha yeye kwa miaka kumi na tisa kama mimi nilivyoficha langu.

Hilo ni la nyumba yetu. Aliyeondoa kandambili ni mimi, aliyebeba lawama ni mume wangu, na jiko langu halivuji tena. Mengine sisemi.